Milango Mitatu

4 Machi

Kwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Baba. Mimi mwili mzima, ila roho iko juu.

Nimepiga simu mara tatu hukupokea. Najua utasema duka lenu la miwani ni dogo, kila neno linafika kwenye benchi la wateja. Sikulaumu. Siku hizi hata mimi siiamini simu, wala ofisi, wala mtu anayenisalimia kwa tabasamu kwenye ngazi.

Unakumbuka kazi niliyokuja kuifanya huko mwezi wa kwanza, ile uliyowaambia wateja wako kwamba mdogo wako amesomea umbea mpaka amepewa cheti. Namwuliza mtu: habari ikiingia mjini, ukiambiwa na nani unaamini? Anataja watatu kwenye kadi yake. Nawaendea hao watatu, nao wanataja watatu wao, hivyo hivyo mpaka mji mzima unaingia kwenye karatasi. Kila mtu ni nukta, kila imani ni mstari. Mwisho unaona nani anasikilizwa kweli, na mara nyingi si mwenyekiti wala mwenye gari. Siku ugonjwa ukizuka, tunajua habari ya kweli ianzie kwa nani.

Niliwaahidi watu mia tatu na kumi na wawili kwamba hakuna atakayejua wamemtaja nani. Niliahidi kwa mdomo wangu, na saini niliweka mbele yao.

Sasa mji unajua, Dada. Kamati inayosimamia utafiti imepata barua saba za malalamiko. Mke wa mwoka mikate ameandika kwamba mume wake alimtaja mshonaji wa kona akamwacha yeye, na kwamba amekwenda kwao wiki nzima kwa aibu. Nimechungulia kadi ya mwoka mikate. Ni kweli alimtaja mshonaji. Huyu mama amejuaje?

Kamati imenipa mpaka mwisho wa mwezi niseme nani ametoa siri. Nisiposema, mradi unafungwa na mimi natoka. Miaka tisa ya kusoma inaishia hapo.

Waliokuwa karibu na kadi ni watatu tu. Mimi. Mwenzangu wa ofisini anayeingiza majina kwenye kompyuta, tunamwita Hesabu, ambaye ana wakwe huko kwetu. Na sanduku lenyewe lilikaa siku mbili kwenye stoo ya duka lenu nikisubiri gari.

Nani aliingia stoo siku hizo mbili? Ufunguo wa stoo anao nani zaidi yako? Sikushuku, nauliza tu.

Mdogo wako,
Maswali


11 Machi

Mdogo wangu Maswali,

Marahaba. Baba mzima, mimi mzima.

Umeandika "sikushuku, nauliza tu." Nimesaga lenzi siku nzima na hayo maneno masikioni, nikaharibu moja ya mama mmoja mwenye macho tofauti, la kulia na la kushoto hayajuani kabisa. Kama hunishuku, usiniambie kwamba hunishuku. Mimi sikuwa nimefika huko.

Nijibu swali lako kama mtu anayejibu askari. Sanduku lilikaa chini ya rafu ya fremu za watoto. Juu yake niliweka ile mashine mbovu ya kusagia, ambayo mimi na mwenye duka tunainyanyua wawili huku tunatukana. Ufunguo wa stoo ninao mimi na anao yeye. Kufuli zako mbili zilikuwa mahali pake, na funguo zake ulizivaa wewe shingoni kama mtoto wa shule. Nilikuona ukizishika kila ukikohoa.

Sasa na mimi niulize. Huyo Hesabu wako alikuwa hapa Jumamosi. Mkwe wake alileta miwani tukaze skrubu, yeye akakaa benchi akaniuliza hali yako mara tatu. Mara ya kwanza nikajibu. Mara ya pili nikajibu. Mara ya tatu nikamtazama vizuri, kwa sababu anayeuliza hali ya mtu mara tatu anatafuta kitu kingine. Ana viatu visafi mno kwa mtu aliyekuja kutembelea wakwe. Mchunge.

Hapa mjini maneno yamezagaa, hilo kweli. Mwoka mikate anakanda unga kichwa chini. Mshonaji wa kona amefunga dirisha linaloangalia barabara. Watu wawili waliokuwa marafiki tangu shule sasa wanapishana kama hawajuani, eti mmoja hakumtaja mwenzake. Na ile wiki yako ilikuwa na furaha jamani! Watu walitoa viti nje barabara nzima, mwalimu mstaafu akatoa mpaka meza na daftari, ukasema "watu wetu wakarimu, wananisubiri wanisalimie." Leo hakuna kiti hata kimoja nje.

Baba bado hajakusamehe kulala nyumba ya wageni wakati kitanda chako kipo. Nimemweleza ni kanuni za mradi, anasema kanuni gani inamkataza mtoto kulala kwao. Macho yake yamezidi. Presha ya macho haina miwani, na mimi niliyevisha miwani nusu ya mji huu sina la kumfanyia. Anatambua mchana na kivuli, basi. Barua yako ikifika anapenda kuishika.

Kula vizuri. Usilale na mawazo.

Dada yako


17 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kuomba radhi. Barua yangu ilikuwa ya mtu mwenye homa. Wewe ndiye uliyenivusha barabara tangu sijui kusoma, nitakushukuje?

Ili ujue nakuamini, nakupa siri ambayo hata kamati haijaiona. Nimemaliza mchoro. Mtu mwenye mistari mingi kuliko wote, yaani anayeaminiwa na mji mzima, ni kinyozi wa nyuma ya soko. Ndiyo, yule yule wa kioo kilichopasuka. Ningekuwa natafuta wa kuaminiwa, huyo ningemruka, lakini ndivyo kadi zinavyosema.

Anayejua ni mimi na wewe tu. Usimwambie mtu yeyote, hata mwenye duka. Ukishasoma, chana.

Hesabu namchunga kama ulivyosema. Leo ameniuliza kama nitakwenda nyumbani karibuni. Nikasema sijui. Akasema "aa." Sijapenda ile "aa" yake.

Msalimie Baba. Mwambie nitakuja.

Mdogo wako akupendaye,
Maswali


24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, zote mbili.

Barua nimeichana kama ulivyosema, vipande vidogo, nikavitia kwenye ndoo ya unga wa lenzi, hata fundi wa kuunga karatasi haungi. Nakwambia hivyo kwanza kwa sababu ya ninayokuandikia sasa.

Kinyozi anajua.

Juzi alikuja dukani kuchukua miwani ya kusomea. Yule mtu ambaye siku zote huingia upande upande, safari hii aliingia katikati ya mlango. Akakaa benchi akavuka miguu. Akawaambia wateja kwamba utafiti umefanyika, wa kisayansi, na sayansi imesema mtu anayeaminiwa kuliko wote mjini ni yeye. Mama mmoja akacheka mpaka akashika ukuta. Kinyozi hakukasirika hata kidogo, akasema "cheka tu mama, mimi nina mistari." Neno lenyewe, mistari. Tangu jana ameagiza kioo kipya.

Sijamwambia mtu wa mjini, Maswali. Mwenye duka hajui, wateja hawajui. Nimeitazama bahasha yako upya, kwa bahati sikuichana. Gundi ya upande mmoja imekunjamana. Bahasha zako zinakaa wapi kabla ya kwenda posta? Nani huko ofisini anazishika? Huyo mwenye viatu visafi amekuwa huku tena wiki iliyopita, siku mbili nzima.

Usiniandikie siri tena. Niandikie habari za hali ya hewa mpaka tumjue mtu huyu. Ninaogopa kwa ajili yako, mwisho wa mwezi ni wiki moja tu.

Baba anakusalimia. Anasema wewe ni mtu mkubwa sasa.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Barua yako imefika.

Nikueleze kazi inavyofanyika kwetu. Ukitaka kujua habari inapita njia gani, unaingiza habari ile ile katika sura tofauti kwa watu tofauti, kisha unakaa kusubiri ni sura ipi itatokea upande wa pili. Hesabu nilimwambia anayeongoza ni fundi bomba. Katibu wa kamati nilimwambia ni mwalimu mstaafu. Wewe nilikwambia kinyozi. Hakuna hata mmoja kati yao anayeongoza. Kinyozi alitajwa na watu wawili, mmoja ni mama yake.

Fundi bomba hakuvimba kichwa. Mwalimu hakuvimba kichwa. Aliyeagiza kioo ni kinyozi.

Nilitaka sana awe Hesabu. Naapa nilitaka. Nilisoma barua yako nimesimama, halafu nikaisoma tena. Na gundi ya bahasha niliipaka mimi, kwa haraka, ikakunjamana.

Umesema hujamwambia "mtu wa mjini." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Mtu asiyemwambia yeyote husema sijamwambia mtu, basi.

Pengine ulimwambia mmoja tu, kwa utani, benchi likicheka. Pengine hata kadi ulizifungua kwa utani. Sijui. Nilikuwa na siku tatu. Nimeandika taarifa kwa kamati na jina lako limo.

Maswali


2 Aprili

Kwa: Fundi Miwani
Nakala: Mwenye duka

Yah: Kuvuja kwa taarifa za siri za utafiti

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati imepokea taarifa inayokutaja wewe kuwa chanzo cha kuvuja kwa majina yaliyotolewa kwa siri na wakazi. Unatakiwa kutoa maelezo yako kwa maandishi ndani ya siku thelathini.

Kwa kuwa kazi yako inahusu pia taarifa binafsi za afya za wateja, kamati imeona ni busara mwajiri wako apewe nakala ya barua hii.

Ahsante kwa ushirikiano wako.

Katibu wa Kamati


20 Aprili

Kwa Mtafiti,

Barua yako ya mwisho haikuwa na shikamoo. Nilitafuta juu, nikatafuta chini, nikageuza nyuma. Tangu umeanza kusema hujawahi kuninyima. Mengine yote nimeyasoma baada ya hapo, lakini lililonichoma kwanza ni hilo.

Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nilipokaa kuandika, yalitoka matusi. Nimeyachana pia, na wewe ungesema naficha ushahidi.

Nakala ya kamati ilifika dukani kabla yangu. Mwenye duka ni mtu mwema. Aliniita nyuma, akasafisha miwani yake mara mbili, akasema kwa muda nikae chumba cha mashine, kaunta atakaa mwenyewe. "Unajua tena, watu na macho yao." Miaka kumi na tisa nimesimama pale. Ninajua nani haoni mbali na nani anajifanya anaona, na sijawahi kumwambia yeyote. Sasa kuna pazia kati yangu na wateja, nasaga lenzi za watu nisiowaona.

Lakini pazia lina faida yake. Aliye mbele husahau kwamba nyuma yupo mtu.

Nianze na la kinyozi, kwa sababu hapo nina kosa. Ni Baba. Tangu macho yalipozidi, kila barua yako namsomea. Zote, kuanzia shikamoo mpaka saini, halafu ananirudisha nyuma nimsomee tena pale ulipomtaja. Nilipofika kwenye siri yako nilisita, akasema "endelea, mbona umenyamaza?" Ningemwambia nini, kwamba mtoto wake ameandika jambo lisilomfaa yeye? Nikasoma. Kumsomea Baba sijawahi kuhesabu kuwa ni kumwambia mtu. Kesho yake alikwenda kunyolewa. Kinyozi akamwuliza, huyu binti yako aliyetutia maswali mjini, kasomea nini hasa? Baba akaona amekutukana. Akamwambia binti yangu amesomea mpaka amegundua kwamba wewe hapo ndiye unayeaminiwa kuliko wote. Alikuwa anakutetea, Maswali. Nilimwuliza nilipojua, akashika goti langu, machozi yakamtoka kwenye hayo macho yasiyofanya kazi nyingine. Ndiyo maana niliandika "mtu wa mjini." Nilimficha yeye. Nilimwonea haya mzee wangu, nikadhani utaelewa.

Mtego wako ulinasa, ila umemnasa Baba yako.

Sasa la kadi, ambalo ndilo lililokuleta kwangu na meno nje.

Jumatatu mke wa mwoka mikate alikuja kupima macho. Amerudi kwa mumewe, ila bado ana hasira zake. Akiwa benchi, jirani akamwuliza, hivi wewe nani alikwambia kwamba mumeo kamtaja mshonaji? Nikazima mashine. Akasema: "Niambiwe na nani? Nilikuwa mlangoni kwangu. Yule binti alitoka kwetu na karatasi mkononi, hata wino haujakauka, akaenda moja kwa moja kwa mshonaji. Halafu kwa muuza vitambaa. Halafu kwa shemeji. Milango mitatu. Mimi sijui kuhesabu mpaka tatu?"

Na benchi zima likasema ndiyo, ndivyo, hata sisi.

Umeelewa, mtaalamu? Kila ulipotoka nyumba moja, milango mitatu iliyofuata ndiyo majina aliyotaja mwenye nyumba. Siku ya kwanza watu walidhani unatembea tu. Siku ya pili walishagundua. Siku ya tatu wakatoa viti. Hawakutoka kukusalimia, walikuwa wanakusoma. Mwalimu mstaafu alikuwa na safu mbili kwenye daftari lake, nyumba uliyotoka na nyumba uliyoingia. Nilimwomba anionyeshe, akanionyesha bila hata kuona haya, akasema ni mchezo mzuri kuliko bao. Mchoro wako wote upo mle, kwa penseli.

Hesabu wa watu hana kosa. Mkwe wake anaumwa, ndiyo maana anakuja. Nimemchafua kwa ajili ya viatu vyake, na akija tena nitamwomba radhi.

Limebaki jambo moja, nalo sitaki unijibu. Mlango wangu pia waliuangalia. Mimi ulinipa kadi siku ya tano, asubuhi. Nafasi zilikuwa tatu, nikajaza moja, nikaikunja nikakupa. Ulitoka dukani, ukasimama, ukatazama kulia, ukatazama kushoto, halafu ukarudi nyumba ya wageni ukafunga mlango. Siku hiyo hukwenda kwa mtu mwingine. Barabara nzima iligeukia nyumba ya wageni, halafu mwalimu akasema kwa sauti: "Fundi miwani kamtaja mdogo wake."

Wakacheka, wakaniita mama wa kuku mmoja. Nilidhani wanabahatisha tu, sikujali. Nilidhani wewe umesoma, umeona haya kidogo, umekwenda kutabasamu peke yako chumbani.

Watu wote mjini wanajua ninamwamini nani. Nilidhani na wewe unajua.

Baba mzima. Hajui kuhusu kamati na hatajua.

Dada


27 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, na ile niliyokunyima.

Umesema nisijibu lile la kadi. Nivumilie, nitakaidi mara moja.

Sikuisoma. Kanuni ya mradi inasema ndugu wa mtafiti hahesabiwi, kadi yake inatiwa kwenye bahasha ya kaki inafungwa. Ndivyo nilivyofanya, nikarudi chumbani kwa sababu kadi yako haikuwa na mlango wa kunipeleka. Nilikuwa nimechoka nikalala. Nilikuwa nayo miezi mitatu kwenye droo, chini ya mkono wangu niliokuandikia nao ile barua.

Nimeifungua jana. Hukuandika jina langu la shule. Umeandika "Maswali," kwa herufi kubwa kama unavyoandika namba za lenzi, na nafasi mbili za chini umezipiga mstari ili asijaze mtu mwingine. Nililia ofisini mchana, mlango wazi, watu wanapita. Hesabu aliingia akaniletea maji, akakaa kwenye kiti kingine. Nilimwambia nilivyomfanyia mtego. Akasema "aa," ile ile. Kumbe ndivyo anavyosema siku zote.

Kadi nilizifunga kwa kufuli mbili, nikavaa funguo shingoni, halafu nikatembea barabarani nikiwasomea watu wote kwa miguu yangu. Miaka tisa nasoma habari inavyosafiri, sikufikiri kwamba mtu akitembea anasema.

Nimeandika kwa kamati. Nimeeleza nyumba kwa nyumba, nimeomba daftari la mwalimu liwe ushahidi. Nimesema jina lako lifutwe na mwenye duka aandikiwe barua ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, na isomwe mbele yako. Wamekubali. Mimi nimeambiwa nikabidhi funguo Ijumaa. Mradi utaendelea na mtu mwingine, ambaye nimemwandikia ukurasa mmoja tu: changanya milango, usifuate kadi, pumzika katikati, ingia hata kwa wasiotajwa.

Sijui nitafanya kazi gani. Hilo nimeliweka kando, ninawaza jingine.

Nataka kuja. Siombi unisamehe kwa barua. Nimeandika barua nyingi mno mwaka huu, na zote zilikuwa na kitu nyuma. Nitafika Jumanne ya tatu ya Mei, asubuhi. Nitashuka stendi, nitapita barabara yote ya soko kwa miguu, sitasimama kwa mwoka mikate, wala kwa mshonaji, wala kwa mwalimu, mpaka kwenye mlango wako. Nikitoka kwako nitakwenda nyumbani kwa Baba, na kutoka hapo sitakwenda kwa mtu. Kitanda kama bado kipo.

Wenye kusoma wasome.

Mdogo wako,
Maswali


3 Mei

Maswali,

Marahaba.

Barua ya pili ya kamati imesomwa. Mwenye duka aliisoma mwenyewe, benchi limejaa, akakwama kwenye neno "kwa masikitiko" kwa sababu alivaa miwani ya mteja. Pazia limetolewa. Hasira yangu haijaisha, usije ukidhani imeisha. Utanikuta nayo, tutakaa nayo wote.

Kitanda kipo. Baba amekwisha kutoa kiti nje, tangu leo, ukimwambia bado siku nyingi anasema wewe niache. Haoni kitu, lakini anasema miguu yako ataijua.

Ila Jumanne usije. Jumanne barabara tupu, wote wamo kazini. Njoo Jumamosi ya wiki hiyo, siku ya soko, saa nne, watu wakiwa wamejaa.

Dada